Mganga Naye Apewe Pole: Mwongozo wa Uzingativu na Huruma kwa Nafsi kwa Wahudumu wa Afya

Ukihesabu maneno anayoyatamka muuguzi katika zamu moja, huenda ukakuta kwamba neno linaloongoza ni "pole". Humwambia pole mama aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua, pole mzee aliyechomwa sindano mara mbili kwa sababu mshipa umejificha, pole kijana anayesubiri majibu ya vipimo, na pole hata ndugu wa mgonjwa aliyemfokea dakika tano zilizopita. Lakini muuguzi huyohuyo akishindwa kuupata mshipa kwa mara ya tatu, akalazimika kumwita mwenzake amsaidie, anachojiambia moyoni ni kitu kingine kabisa: "Miaka yote hii, na bado hujui kuweka kanula." Neno ambalo hamnyimi mgonjwa yeyote, hata aliye mkorofi, ananyimwa yeye, tena na nafsi yake mwenyewe.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuirekebisha tabia hiyo hatua kwa hatua, na umeandikwa kwa ajili ya wauguzi, madaktari, matabibu, wakunga, wataalamu wa maabara, wafamasia, wahudumu wa magari ya wagonjwa na wote ambao kazi yao ni kukaa karibu na maumivu ya watu wengine. Unachukulia tangu mwanzo kwamba huna muda. Kwa hiyo hutaombwa uamke saa moja kabla ya kawaida yako wala uketi sakafuni umefumba macho huku kengele za wagonjwa zikilia. Karibu kila zoezi limewekwa ndani ya kazi yenyewe, katika sekunde ambazo tayari unazo.

Maneno mawili na jinsi yanavyoeleweka vibaya

Uzingativu ni kuelekeza fikira kwa makusudi kwenye kinachotokea sasa hivi, ndani yako na mbele yako, bila kukimbilia kukihukumu. Mafunzo yake yalipata nafasi hospitalini kuanzia mwaka 1979, pale Jon Kabat-Zinn alipoanzisha programu katika shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, nchini Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo. Mbinu zenyewe zina mizizi katika mapokeo ya Kibudha, lakini yeye alizifundisha bila masharti ya dini yoyote. Wengi hudhani kwamba lengo la mazoezi haya ni kutulia. Utulivu ukija, vema. Lakini mhudumu aliyegundua kwamba amekasirika kabla hajafungua kinywa chake amekwisha kufanikiwa katika uzingativu, ingawa moyo wake bado unamdunda.

Neno la pili lina mtego ndani ya lugha yetu. Tukisema mtu "anajionea huruma", tunamaanisha kwamba analialia, anajiona mnyonge na anataka dunia nzima imsikitikie. Hicho sicho kinachokusudiwa hapa, na ndiyo maana nitatumia maneno "huruma kwa nafsi". Mwanasaikolojia Kristin Neff, ambaye mwaka 2003 alichapisha kipimo cha kuipima tabia hii, aliigawa katika sehemu tatu: kujitendea kwa upole badala ya kujishutumu, kutambua kwamba kuteseka na kukosea kumo katika maisha ya binadamu wote, na uzingativu wenyewe, yaani kuyaona maumivu yalivyo, bila kuyapuuza wala kuyakuza. Anayejionea huruma huuliza, "Kwa nini mimi tu?" Mwenye huruma kwa nafsi husema, "Kumbe hata mimi." Ukiweza kuusikia umbali uliopo kati ya "mimi tu" na "hata mimi", umekwisha kuelewa nadharia yote unayoihitaji.

Kinachomchosha mhudumu

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lilieleza uchovu uliokithiri wa kikazi kuwa ni hali inayotokana na msongo sugu wa mahali pa kazi ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Halikuuita ugonjwa. Lilitaja dalili zake tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kihisia na kazi au kuitazama kwa dharau, na kupungua kwa ufanisi. Msomaji aone kwamba maelezo hayo yanataja mahali pa kazi, hayamtaji mtu dhaifu; nitalirudia jambo hilo baadaye.

Katika wodi tunalisema kwa njia nyingine. Tunasema, "Huruma imeniisha." Kwa maoni yangu usemi huo unakosea mahali pa kunyooshea kidole. Watafiti Olga Klimecki na Tania Singer walionyesha kwamba watu waliofundishwa kuyahisi maumivu ya wengine, kisha wakaonyeshwa video za watu wanaoteseka, walizidi kulemewa na hisia hasi; walipofundishwa baadaye kuwaelekea watu haohao kwa upendo na nia njema, hisia zao nzuri zilipanda tena, na hata sehemu za ubongo zilizoshughulika zilikuwa nyingine. Kwa hiyo kinachokausha moyo ni kuyameza maumivu ya mgonjwa kana kwamba ni yako. Huruma, ikiwa maana yake ni kumtakia mtu nafuu na kuwa tayari kumsaidia, haikaushi kwa namna hiyo.

Tazama kwa karibu mtoto aliyeungua anapobadilishiwa bandeji. Bandeji ya mwisho imegandia kwenye kidonda, unailowesha kwa maji ya chumvi, mtoto anapiga kelele, mama anageuza uso ukutani. Wakati huo mabega yako yamepanda karibu na masikio, taya zimekaza, na pumzi umeizuia bila kujua. Hapo ndipo maumivu yake yanapoingia mwilini mwako. Zoezi ni fupi: yatambue mabega, yashushe, toa pumzi, kisha usemee moyoni, "Mwanangu, natamani upate nafuu upesi." Mikono inaendelea na kazi yake. Kidonda hakijabadilika, wala kelele hazijapungua, lakini wewe umehama kutoka katika kuumia pamoja naye ukaingia katika kumtakia mema, na mhamo huo mdogo, ukirudiwa mara nyingi kwa siku, ndio unaompa mhudumu uwezo wa kurudi kesho.

Anzia mikononi

Ningeshauri kila anayeanza aanzie kwenye kunawa mikono, kwa sababu hakuna msimamizi atakayekuuliza unafanya nini. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba mikono isuguliwe kwa kitakasa cha alkoholi kwa sekunde 20 hadi 30, au ioshwe kwa maji na sabuni kwa sekunde 40 hadi 60, na limetaja nyakati 5 za kufanya hivyo: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kuweka kanula, baada ya hatari ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Anayefuata maelekezo hayo hupata vituo vingi vya kupumzisha akili katika zamu moja, na kwa kawaida huvipoteza vyote akiwaza faili zinazomsubiri.

Katika wiki ya kwanza, usijaribu kila mara unaponawa. Chagua kituo kimoja, kwa mfano chupa iliyo mlangoni mwa wodi yako, na ufanye zoezi hapo tu. Kitakasa kinapodondokea kiganjani, hisi ubaridi wake, ule ubaridi mkali kidogo wa alkoholi inayoanza kuvukiza. Unaposugua kiganja kwa kiganja, zihisi nyayo zako ndani ya viatu na uzito wa mwili ukishuka kuelekea sakafuni. Unapofikia migongo ya mikono, toa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ulioutumia kuivuta, kwani pumzi inayotoka taratibu hupunguza mwendo wa mapigo ya moyo. Unaposugua katikati ya vidole, mwache mgonjwa uliyetoka kwake: mtaje jina moyoni, mtakie heri, mwache. Ncha za vidole na vidole gumba ni vya mgonjwa unayemwendea. Naye mtaje jina. Mikono ikikauka, nenda.

Akili itatoroka, na jambo hilo lisikusumbue. Utajikuta umefika kwenye vidole gumba huku unawaza damu iliyoagizwa ambayo haijaletwa. Unapogundua kwamba imetoroka, irudishe kwenye mikono bila kuikaripia, kama unavyomrudisha kitandani mgonjwa mzee aliyechanganyikiwa na kuanza kuzurura usiku: unamshika mkono, unamgeuza, unatembea naye. Kitendo hicho cha kuirudisha ndicho zoezi lenyewe, na aliyeirudisha mara kumi katika kunawa kumoja amefanya mazoezi zaidi ya aliyebahatika kutotoroka hata mara moja.

Usikubali, hata hivyo, zoezi liharibu unawaji. Mpangilio wa kusugua ubaki uleule wa kitaalamu. Ikiwa kuhesabu pumzi kunakusahaulisha vidole gumba, acha pumzi, hisi vidole gumba.

Kando ya kitanda

Zoezi la pili hufanywa ukiwa umesimama au umeketi mbele ya mgonjwa anayeongea. Neff na wenzake, ambao mwaka 2020 walichapisha matokeo ya programu ya vipindi 6 vya saa moja moja iliyotungwa mahususi kwa wahudumu wa afya, hufundisha namna ya kupumua ambayo inaweza kufanyika bila mtu yeyote kuona. Unapovuta pumzi, unaivuta kwa ajili yako, kana kwamba unajipa kile unachokihitaji kwa wakati huo, iwe ni nguvu, subira au ujasiri. Unapoitoa, unaitoa kwa ajili ya mgonjwa aliye mbele yako. Moja yangu, moja yako. Mgonjwa akiwa katika hali mbaya mno, mpe pumzi mbili. Lakini yako usiifute kabisa, maana hilo ndilo kosa la wahudumu wengi, kutoa tu.

Zoezi hili husaidia sana wakati wa kutoa habari mbaya, ambapo wengi wetu huongea haraka kwa sababu tunataka habari ile ituondoke. Sema sentensi yenye ukweli, kwa mfano kwamba vipimo vimeonyesha saratani, kisha vuta moja yako na utoe moja yao kabla ya kusema lolote lingine. Kimya hicho cha sekunde chache kitaonekana kirefu kwako kuliko kilivyo kwao.

Mbele ya mtu anayefoka, hatua ya kwanza ni kuipa hisia jina. Jiambie, "Hii ni hasira, iko kifuani," au "Hii ni aibu, iko usoni." Usijiambie "Mimi nimekasirika kwa sababu yeye...", maana ukianza na "kwa sababu" utafungua kesi nzima kichwani na hutamsikia tena. Ukishaipa jina, hisi nyayo sakafuni, kisha jibu. Kuna watu ambao hata ukifanya haya yote wataendelea kufoka, na kuna wengine watakaokutisha. Huruma kwa nafsi katika hali hiyo ni kuondoka na kuita msaada.

Unapokosea

Hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa ndipo wahudumu wengi wanapoumia kwa siri.

Usiku mmoja, miaka mingi iliyopita, nilimpa mgonjwa vidonge vya presha ambavyo mwenzangu wa zamu iliyotangulia alikuwa amekwisha kumpa, lakini hakuwa ameandika kwenye chati. Niligundua baada ya mgonjwa mwenyewe, akiwa bado ameshika kikombe cha maji, kuniambia kwamba siku hiyo vidonge vyake vimekuwa vingi. Nilimwita daktari wa zamu, tukampima presha kila dakika 15 hadi alfajiri, ikashuka kidogo, kisha ikarudi. Hakupata madhara. Niliyepata madhara ni mimi. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikisoma chati moja mara nne na kutoelewa nilichokisoma, kwa sababu sauti moja kichwani ilikuwa ikinisomea hukumu wakati macho yanasoma dozi. Niliamini kwamba sauti ile inanifanya niwe mwangalifu. Ilikuwa inaula uangalifu wangu.

Mwaka 2000 daktari Albert Wu aliandika kwamba mhudumu aliyehusika katika kosa la kitabibu huweza kuwa mwathirika wa pili, baada ya mgonjwa mwenyewe. Wapo wanaolipinga jina hilo, hasa kwa niaba ya familia za wagonjwa walioumia, na hoja yao ina uzito wake. Lakini jambo alilolieleza tunalijua sote: usingizi unakimbia, tukio linajirudia machoni, mtu anawakwepa wenzake na kuanza kujiuliza kama kazi hii inamfaa.

Utaratibu ni huu, na mfuatano wake usivurugwe. Kwanza kabisa mtazame mgonjwa: ni salama? anahitaji nini sasa hivi? Kisha mwambie anayepaswa kujua, iwe ni daktari wa zamu au msimamizi wa wodi, na uandike kilichotokea kama kilivyotokea. Mgonjwa naye, au familia yake, aelezwe ukweli kwa kufuata taratibu za mahali pako. Huruma kwa nafsi haiji badala ya hatua hizi, na yeyote anayeitumia kuzikwepa ameibadilisha jina tu. Huko ni kujificha.

Baada ya hapo, tafuta dakika moja, hata kama ni ndani ya stoo ya dawa au chooni. Weka kiganja kifuani, au ushike kifundo cha mkono mmoja kwa mkono wa pili ikiwa hutaki kuonekana, na useme mambo matatu kwa sauti ya chini. La kwanza ni ukweli: "Hili linauma." La pili ni undugu: "Wenzangu wengi wamewahi kusimama hapa niliposimama." La tatu ni lile neno la siku zote, ukilielekeza kwa mara ya kwanza ndani: "Pole." Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Tunapomwambia mtu pole, hatukiri kwamba tumemkosea wala hatumhukumu kwamba amekosa. Tunakiri tu kwamba jambo limemfika na kwamba tumeliona. Unaweza kujipa pole na bado ukabeba wajibu wako wote.

Wengine hushindwa kulitamka. Linawakwama kooni, au linasikika kama unafiki. Kwao nashauri njia ya barua. Ndani ya siku mbili baada ya tukio, andika barua kwa mwenzako wa kufikirika, kijana unayempenda na kumheshimu kazini, ambaye amefanya kosa hilohilo ulilolifanya wewe. Mwandikie unavyomwona, umweleze ni mazingira gani yalichangia, ni jambo gani moja unadhani abadilishe, na kwa nini hutaki aache kazi. Usiandike majina ya wagonjwa wala kitu kinachoweza kuwatambulisha. Iweke kando kwa usiku mmoja. Kesho yake futa jina la huyo mwenzako, andika lako, uisome. Mimi nilipoifanya kwa mara ya kwanza niligundua kwamba yule wa kufikirika nilikuwa nimemwandikia kurasa mbili, na katika kurasa hizo hakukuwa na neno "mzembe", ambalo mimi nilikuwa nimejiita wiki nzima.

Lile jambo moja la kubadilisha, lifanyie kazi. Langu lilikuwa kumuuliza mgonjwa kabla ya kumpa dawa, "Leo umekwisha kupewa vidonge gani?" Ninauliza hadi leo.

Mgonjwa anapofariki

Mara nyingi kifo kinapotokea baada ya juhudi kubwa za kumhuisha mgonjwa, watu huvua glavu, huzitupa na kutawanyika, maana kitanda cha pili kinaita. Jonathan Bartels, muuguzi wa Marekani, alianzisha desturi ya kusimama kimya kwa muda mfupi kabla ya timu kutawanyika, na desturi hiyo imeenea katika hospitali za nchi mbalimbali. Haihitaji ruhusa ya kamati. Mmoja wenu, yeyote, aseme maneno machache: kwamba huyu aliyelala hapa alikuwa mtu aliyependa na kupendwa, na kwamba walio chumbani wamefanya kazi kwa bidii. Kisha kila mmoja asimame kimya kwa nusu dakika, kwa imani yake au bila imani, ndipo muendelee.

Ikiwa hakuna wa kusimama naye, fanya peke yako unapofunga macho ya marehemu au unaponyoosha shuka. Machozi yakija, ni machozi. Nimewahi kumwona daktari bingwa akilia mbele ya wanafunzi wake, na sikuona heshima yake ikipungua.

Baada ya zamu

Chagua kitendo kimoja kinachofunga kazi: kuvua kitambulisho, kubadilisha viatu, kufunga kabati. Ukikifanya, taja moyoni jambo moja lililokuwa zito na jambo moja ulilolifanya vizuri, hata kama la pili ni dogo kama kumgeuza mgonjwa upande wa pili kwa wakati. Ukilala baada ya zamu ya usiku na mwili ukakataa kutulia, upitie mwili wako kwa fikira kuanzia vidole vya miguu hadi utosini, ukikaa pumzi mbili tatu katika kila sehemu. Usingizi ukikuchukua magotini, usirudi kumalizia. Zoezi hilo ni la kitandani tu, na kamwe lisifanywe na mtu anayeendesha gari baada ya usiku wa kukesha.

Zoezi linapouma

Huenda siku utakayojipa pole kwa mara ya kwanza ukajikuta unalia, au ukajisikia vibaya kuliko ulivyoanza. Wakufunzi wa huruma kwa nafsi hulifananisha jambo hili na chumba kinachoungua huku kimefungwa: mlango ukifunguliwa na hewa ikaingia, moto hulipuka. Mtu aliyejinyima upole kwa miaka mingi hukumbuka, anapoupata, siku zote alizoukosa. Likitokea, acha zoezi, fungua macho, hisi nyayo, tazama vitu vitano vilivyo chumbani na uvitaje majina, kunywa maji. Siku nyingine utajaribu kwa muda mfupi zaidi. Aliyewahi kupata tukio la kutisha, na hasa anayerudiwa na picha za tukio hilo, ni afadhali aanze mazoezi haya akiwa na mtaalamu wa afya ya akili, na aanze kwa nyayo na mikono badala ya pumzi na kufumba macho.

Zipo pia hali ambazo mwongozo huu si dawa yake. Huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili, kukosa hamu ya kila kitu, kutegemea pombe au dawa ili kulala au kuamka, na mawazo ya kutaka kufa, ni dalili za kutafuta matibabu kama ambavyo ungempeleka mgonjwa yeyote mwenye dalili hizo. Mawazo ya kujiua yakija, mwambie mtu leo, na usikae peke yako mahali penye dawa. Sisi tunajua dozi, na ujuzi huo ni hatari ya ziada kwetu.

Yasiyoondoka kwa kupumua

Nilisema nitarudi kwenye maneno "mahali pa kazi". Muuguzi mmoja akipewa wagonjwa wa wauguzi watatu, hakuna namna ya kupumua itakayowageuza kuwa wachache. Mwaka 1984 mwanafalsafa Andrew Jameton alieleza dhiki ya kimaadili kuwa ni hali ya mhudumu anayelijua jambo lililo sahihi kufanywa lakini akazuiwa na mfumo wa taasisi kulifanya. Dhiki hiyo si kasoro ya kurekebishwa ndani ya mtu. Inaonyesha kwamba dhamiri yake bado iko hai. Uongozi unaopeleka watu kwenye semina ya uzingativu huku ratiba ya zamu ikibaki ileile unawaongezea kazi moja juu ya nyingine. Uzingativu, kwa anayeufanya sawasawa, humfanya aone wazi zaidi ni kipi kinachomuumiza, na huruma kwa nafsi humpa ujasiri wa kusema kwamba hawezi kuongezewa zamu ya tatu mfululizo. Madaktari wana hata maandishi ya kushikia: Azimio la Geneva la Chama cha Madaktari Duniani, lililopitishwa mwaka 1948, liliongezewa mwaka 2017 ahadi kwamba daktari ataitunza afya yake mwenyewe, ustawi wake na uwezo wake ili atoe huduma ya kiwango cha juu kabisa.

Wahenga walisema mganga hajigangi, na wengi huitumia methali hiyo kumcheka daktari anayeugua. Mimi naisikia kama maelekezo ya matumizi: mganga atafute mganga mwenzake. Kuna hospitali, zikianzia na Hospitali Kuu ya Massachusetts mwaka 1997, ambazo zimeweka vikao maalumu ambapo watumishi wa ngazi zote huketi pamoja na kuzungumzia upande wa kihisia wa kazi yao, bila kujadili nani alikosea kitaalamu. Mahali pasipo na vikao vya namna hiyo, wawili wanatosha. Mtafute mwenzako mmoja unayemwamini, mkubaliane kwamba baada ya makabidhiano ya zamu mtapeana dakika tano. Mmoja anaeleza lililomgusa siku hiyo, mwingine anasikiliza bila kushauri, bila kusahihisha na bila kuingiza kisa chake. Anapumua moja yake, moja ya mwenzake. Akimaliza, msikilizaji anasema neno moja tu, pole, kisha zamu ya kuongea inageuka. Siku ambazo mwenzako yuko mapumziko, mwombe mwingine kabla zamu haijaanza, kwa kuwa ikishakwisha kila mtu huwa na haraka ya kuondoka.